Uzi wa Ukurasa wa Mwisho

Fundi hajawahi kusoma chuo chochote, ila suruali za wanachuo anazijua kuliko wahadhiri wao. Muhula ukianza zinaletwa zipunguzwe kiuno. Mitihani ikikaribia zinarudi zipunguzwe tena, maana wenyewe wamekonda. Na yale mashindano ya kuimba ya kwenye televisheni anayajua kwa upande wa mgongoni. Siku moja aliitwa studio na sindano yake, akamshona mshindani aliyepasukiwa zipu huku kasimama. Binti alilia. Watazamaji waliambiwa anamkumbuka bibi yake.

Kibandani kwake, juu ya meza ya pasi, kuna rafu ya riwaya thelathini na moja, karibu zote za mambo hayo mawili. Wateja wanaazima bure. Sharti ni kwamba ukirudisha, unaandika maoni yako kwenye daftari linaloning'inia msumarini, jirani na futi kamba. Wasichokijua wengi wao ni kuwa Fundi hupiga bandi kurasa mbili za mwisho za kila kitabu: mshono mmoja wa uzi mweupe, ule wa kushikizia tu. Anayefika mwisho hana budi kuukata. Asiyefika hana habari kama upo.

Kwa hiyo anawajua wote. Dada wa saluni aliwahi kuandika, "Mwisho umeniliza, nimelowesha mto," na uzi ulikuwa umetulia palepale, mkavu kabisa.

Mwaka jana ikaongezeka riwaya ya thelathini na mbili, isiyo na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa amekaa chini ya rafu anashona kola. Aliiandika miaka miwili, alfajiri kabla ya kufungua kazi. Steshenari wakaichapa, akaijalidi mwenyewe kwa cherehani ya jinzi. Aliyeijua siri ni wifi yake tu, mpiga pasi wa hapohapo.

"Wasomaji saba," Fundi alimwambia. "Wa saba akirudisha uzi haujakatwa, nakichana kiwe karatasi za kukatia kola. Na siandiki tena."

"Basi kola tutakuwa nazo nyingi, wifi," mwenzake akajibu, akinyunyizia shati maji.

Wa kwanza alikuwa dada wa saluni. Daftarini: "Tamu sana." Kitabuni: mafuta ya nywele hadi ukurasa wa kumi na mbili, kuanzia hapo weupe mtupu. Fundi akakifumua, akasoma kurasa zile upya, akagundua kuwa ameeleza jengo la utawala kwa kurasa tano. Hata waliolijenga hawakulitazama kiasi hicho. Akalibomoa, akashona upya.

Wa pili, mwanachuo, aliandika: "Huu ni uongo. Hakuna anayekwenda maktaba." Alama za vidole vyake ziliishia ukurasa wa thelathini. Fundi akaondoa maktaba, akaweka foleni ya bafuni. Wa tatu akafika hamsini na moja. Wa nne akaishia arobaini na tisa, na wiki hiyo Fundi aliwashonea watu mikono ya kushoto miwili. Lakini akafumua tena. Wa tano: sabini.

Wa sita alikuwa mhadhiri, aliyekuja kutanua koti. Alijaza ukurasa mzima wa daftari: riwaya inasaili utambulisho wa kijana, na ushindi wa mhusika mkuu jukwaani unatupa matumaini mapya.

"Ushindi upi?" Wifi akauliza. "Si uliniambia umemtoa raundi ya tatu?"

"Nimemtoa. Akarudi chuoni kurudia mtihani."

Uzi ulikuwa mzima. Koti lilitanuliwa, kwa kuwa kazi ni kazi.

Wa saba Fundi alipanga awe karani wa benki, mwanamke msomaji kwelikweli. Lakini alitanguliwa na Mlinzi, mzee aliyestaafu baada ya kulinda geti la chuo miaka ishirini na sita. Alileta suruali iwekwe viraka, akakinyooshea kitabu kidole.

"Kile kisicho na jina. Nipe."

"Mzee wangu, kile ni cha vijana."

"Vijana nimewafungulia geti tangu hujajua kushika mkasi. Kilete."

"Kanuni ni kanuni, wifi," mpiga pasi akanong'ona. "Au unaogopa?"

Fundi akakishusha.

Wiki tatu zikapita. Mlinzi akarudi, akaweka kitabu mezani, akaandika mistari mitatu huku ulimi nje. Fundi hakukigusa kitabu. Alijifanya anatafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake. Wifi ndiye aliyeweka pasi chini na kufunua nyuma.

"Njoo uone."

Uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi, ncha mbili zimelala kama ndevu za paka.

"Huo uzi nimeukata mimi," Mlinzi akasema. "Mtu kashona mlango kabla sijatoka. Ulikuwa na kazi?"

"Ulikuwa na kazi, mzee. Mwisho umeuonaje?"

"Umeniudhi. Siku mbili sikuongea na mke wangu. Binti kaimba vile, wakamtoa? Halafu nikakumbuka waliokuwa wakirudi getini na mabegi yao, hawataki kusalimiwa. Ndivyo wanavyorudi. Lakini ukurasa wa themanini na nane huyo mwandishi kamwingiza chuoni bila kitambulisho. Kwangu asingepita. Ukimwona mwambie."

"Nitamwambia."

"Na aandike kingine. Nikirudi kuchukua suruali nataka kujua kama alifaulu ule mtihani."

Alipoondoka, Wifi alinyoosha mkono akitaka kitabu. Muda wote huo alikuwa hajakisoma.

"Subiri," Fundi akasema. Akafungua themanini na nane, akamtia binti kitambulisho mfukoni kwa kalamu ya wino. Akatunga uzi mweupe sindanoni, akapiga bandi kurasa mbili za mwisho, ndipo akampa.

Kisha akachukua daftari jipya, akalipeleka kwenye meza ya kukatia, akasogeza kola pembeni.