Siku Niliyopigwa Mnada Nikiwa Ndani ya Kiti

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ile ya harambee ya nasari yetu hapa Gakindu, nilikuwa bado mtu wa heshima zake. Kufikia saa tano nilikuwa nimeinama mbele ya waumini wa makanisa matatu, kiti cha mtoto kikiwa kimenishika makalioni kama kupe, na kuna mtu tayari alikuwa ametaja bei yangu. Nasimulia mwenyewe kwa sababu wanaosimulia badala yangu huongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Useremala sikufundishwa na mtu, nilijisomea katika vitabu vya mitumba jioni baada ya kufunga duka, na ninachokijua nakijua kwa kupima. Wazazi walipoanzisha nasari katika stoo kuukuu ya kahawa, ili watoto wa wachumaji wasishinde wamelala juu ya magunia chini ya mibuni, tuliweka sharti moja tu: hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Mwenye pesa analeta pesa, asiye nazo analeta kuni au maziwa ya uji, na viatu haviulizwi.

Sharti hilo lilikuwa limekwama kwa mtoto mmoja. Muthoni ana miaka mitano, miguu yake haina nguvu, na mgongo wake humtupa nyuma ghafla bila yeye kutaka. Bibi yake, Shosho Wangui, huchuma kahawa akiwa amembeba mgongoni, na kila tulipomwomba amlete alisema mtoto wake hatawekwa sakafuni kama gunia. Alikuwa na haki, maana viti vyetu vyote vilikuwa stuli zisizo na egemeo.

Kwa hiyo nikamtengenezea kiti. Mbao za mukima (ule mti tunaoupanda katikati ya kahawa), mgongo mrefu, mikono miwili ya kumbana ubavuni, miguu iliyopanuka chini ili asipinduke. Nilimpima Muthoni mara mbili, nikaongeza nafasi ya kukua na nafasi ya sweta, kwa sababu baridi ya huku mnaijua. Siku ya harambee nikakiweka mbele ya mlango, nikamwita Shosho.

Alikizunguka polepole, Muthoni akichungulia juu ya bega lake.

“Baba Njeri, hii kiti iko na miguu nyembamba.”

“Shosho, nimepima.”

“Umepima na nini? Huyu akijitupa nyuma anatupa kama ng'ombe. Mimi ndiye namjua.”

“Kinaweza kubeba hata mtu mzima.”

“Ati mtu mzima? Gani?”

Sasa, ng'ambo ya barabara, dukani kwangu, kulikuwa na saruji. Mfuko mmoja wa kilo hamsini ungejibu swali hilo kwa adabu. Lakini barabara ilikuwa na matope, viatu nilikuwa nimevipiga rangi, wageni walikuwa wakiingia, na mimi nilitaka kushinda mjadala pale pale. Nikasema, “Huyu hapa,” nikakaa.

Kiti hakikulia hata kidogo. Nikajirusha nyuma, mara moja, mara ya pili, nikamtazama Shosho kwa majivuno, kisha nikasimama, na kiti kikasimama nami.

Nilielewa haraka kilichotokea (hiyo ndiyo faida ya kujisomea, unajua vizuri jinsi unavyoangamia). Mfukoni mwa suruali, upande wa kulia, nilikuwa na futi ya chuma ya kupimia, ile ya kujikunja, ambayo siendi mahali bila kuwa nayo. Ilikuwa imeingia kati ya nyonga yangu na mkono wa kiti kama kabari. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefinywa chini ya ule mkono, kwa hiyo haikutoka. Dawa ilikuwa moja, kukata suruali, na hiyo nilikaa nayo kimya, maana ilikuwa suruali yangu ya Jumapili na umati wote ulikuwa pale.

Nikajaribu kwenda nyuma ya stoo taratibu, nimeinama, miguu minne ya mbao ikitazama watu. Watoto wa nasari, waliokuwa wamepangwa mstari tayari kuimba, wakaona huo ni mchezo mpya. Wakanifuata, wote wakiwa wameinama na kushika makalio yao. Nikipinda kushoto, wanapinda kushoto. Mwalimu wao akawaita, lakini alikuwa anacheka sana hata sauti haikutoka.

Hapo ndipo Mama Kairu aliponiona. Mama Kairu huuza kabeji sokoni na ndiye huendesha mnada wa harambee zetu, kwa sababu anaweza kuuza yai moja kwa bei ya kuku. Alikuwa amemaliza kumnadi jogoo. Akainua mkono.

“Jogoo imeenda! Sasa niko na mzee mmoja, safi, ako na kiti yake. Nani anaanza?”

“Mia mbili akae hivyo mpaka Jumatatu!” akaitikia mtu.

“Mia tatu aimbe!”

Nikaimba ubeti mmoja. Ningefanya nini, na pochi ambayo ningejikomboa nayo ilikuwa mfuko wa nyuma, nimeikalia?

Fundi Kamau, ambaye hakupenda tangu mwanzo kwamba kiti hakikupelekwa kwake, akatokea na msumeno.

“Mia nane, nikate hiyo mikono sasa hivi. Mzee anaumia.”

“Usikate!” nikapiga kelele. “Ni cha mtoto!”

“Elfu moja!” akasema Kamau, na umati ukampigia makofi. Akaweka msumeno juu ya mbao.

Nilisikia meno ya msumeno yakigusa. Kisha nikasikia kitu kingine, kicheko chembamba, cha kukatikakatika, kutoka mgongoni kwa Shosho Wangui. Muthoni alikuwa anampiga bibi yake begani kwa viganja vyote viwili.

“Shosho, nishushe. Nataka hiyo. Nishushe!”

Shosho alisimama kama amemwagiwa maji. Baadaye alituambia kwamba mtoto yule hakuwahi kuomba kushushwa mahali penye watu. Akafungua fundo la leso, akatoa noti moja.

“Hamsini,” akasema. “Kiti isikatwe. Ni ya Muthoni.”

Mama Kairu hakungoja. “Hamsini mara ya kwanza ya pili ya tatu, imeuzwa!”

“Na elfu yangu?” akauliza Kamau.

“Leta pia. Jikoni inataka mabati.”

Kiti kilikuwa kimeuzwa na mimi nilikuwa ndani ya mali ya mtu. Nikasema kwa sauti ambayo naamini ilifika sokoni, “Kateni suruali!”

Wanawake wakanizungushia leso, mwalimu akaleta mkasi wa watoto wa kukatia karatasi, ule wenye ncha za mviringo, usiokata kitu, na kwa muda mrefu sana nikasikiliza kitambaa changu kikitafunwa kutoka mfukoni hadi gotini. Futi ikaanguka. Nikatoka, nikajifunga leso ya maua mekundu, nikapanguza kiti. Shosho akamweka Muthoni mwenyewe. Mtoto akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote, akaona amebaki wima, akatucheka sote.

Jumatatu Shosho alimleta, akamwacha, akaenda kuchuma kahawa mgongo ukiwa mtupu. Nami tangu siku hiyo najaribu viti kwa saruji, hata kama barabara ni matope, na futi naiacha mezani.

Hesabu ya mwisho ni hii: suruali iliyopotea, shilingi elfu mbili mia tatu, kiti kilichookolewa, kwa bei ya mnada, shilingi hamsini.