Chale za Spika

Juzi, nikiwa barazani pa nyumba yangu mpya hapa Newala, nyumba niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, nilimsikia kijana mmoja redioni akitangaza kwa madaha kwamba huku kusini hakujawahi kupigwa muziki mzito wa magitaa. Nilitaka kuitupa redio uani. Mimi nina stashahada ya ufundi wa sauti, sikuiazima kwa mtu, na nakwambia, rafiki yangu: kijana yule hajui kitu.

Ulipigwa. Ulipigwa kijijini kwetu Makote, miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao na ghala la korosho la ushirika likabaki tupu. Ndani ya ghala hilo mwalimu wetu wa hesabu alipiga gitaa, fundi baiskeli besi, na mpishi wa shule alipiga ngoma, akishazipasha kwanza kwa moto wa nyasi kavu mpaka ngozi zikaze. Umeme haukuwepo. Walitumia betri ya gari, na ikiisha inapanda lori kwenda kuchajiwa Masasi. Sisi watoto wa kike, tukipanda kutoka bondeni na ndoo za maji kichwani, tulisikia bati likitetemeka, tukafuata mdundo ule ule ili maji yasimwagike. Nyumbani bibi alikuwa akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, na sufuria nayo, naapa, ilicheza.

Sauti waliyoitaka haikuuzwa dukani. Mwalimu alichukua wembe akaipasua spika, mistari mitatu, gitaa likaanza kunguruma. "Nimeichanja chale," alisema, "ipendeze kama bibi zenu." Kaseti yao wakaiita Chale. Kila nakala waliivunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni, vikabaki vitundu, mtu asije akarekodi juu yake.

Jirani yetu alikuwa wa kwanza kurudisha ya kwake.

"Mwalimu, umeniharibia redio. Kaseti yako inakoroma."

"Haikoromi, Mama Salumu. Ndiyo sauti yenyewe."

"Sauti ya nini? Ya mashine ya kusaga?"

Kituo cha redio mjini nacho kilijibu kwa mstari mmoja: spika yenu imepasuka, itengenezeni kwanza. Imepasuka! Watu wenye mitambo, wenye viyoyozi, hawakuweza kutofautisha jeraha na chale! Hasira hiyo ndiyo iliyonisomesha. Niliapa kwamba siku moja nitakuwa na cheti cha kuwaambia hivyo mbele ya macho yao.

Lakini bendi haikungoja cheti changu. Watoto njiani walimwita mwalimu "Spika Mbovu", akaomba uhamisho. Fundi akarudia pancha zake, mpishi akarudia masufuria, na ngozi za ngoma zikaliwa na panya. Leo hata ghala halipo. Matofali yake yamejengewa vyoo.

Kaseti moja ninayo. Nilipewa na baba mkubwa, aliyekuwa akiishi Dar, baada ya bibi kufariki. Jana niliisafisha vizuri, nikaiweka, niirekodi upya nimpelekee yule kijana wa redio. Upande wa kwanza unanguruma wote, mzima, hata nikalia. Upande wa pili gitaa linapanda, linapanda, kisha kach! Anaingia bibi yangu, mwanamke mwenye chale uso mzima, akimtumia mwanawe salamu: "Mwanangu, ni mimi mama yako. Sisi wazima. Kaseti hii ni mbovu, basi nikaona nisiitupe."

Bibi hakujua kusoma wala kubonyeza kitu. Stashahada yangu inaondoa vumbi na mikwaruzo, kilichofutwa haikirudishi. Na kabla ya salamu hizo kuna sauti nyingine, ya mtoto wa kike, aliyetafuna karatasi akaziba vile vitundu viwili mgongoni. Inasikika safi kabisa:

"Haya bibi, ongea. Mimi ndiye fundi hapa."