Marekani Iliyofuata Jua Mombo

Siku yangu ya kwanza kazini niliwakuta kina mama waking'ang'ana kuliingiza godoro la majani makavu ndani ya mfuko wake. Mfuko ulikuwa wa marekani, ile pamba nyeupe nzito. Walikuwa wameikata ikiwa mpya kutoka dukani, na ilipofuliwa mara moja tu ikarudi, yaani ikapungua. Nilicheka, nao wakacheka, urafiki ukaanza hapo.

Nilikuwa Bibi Maendeleo, binti mbichi kutoka Tanga, nimepangiwa kijiji cha Ujamaa upande wa Kwai, juu milimani, kuwafundisha kina mama kazi za mikono. Cherehani ilikuwa moja, ya mkono. Nikawafundisha kuloweka marekani kwanza, kuianika hadi ikauke kabisa, ndipo kupima na kukata, wakiacha upindo wa vidole viwili.

Mkuu wangu, Bwana Maendeleo wa Wilaya, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alipita kijijini, akasema atarudi Ijumaa. Akikuta vitanda vya zahanati mpya havina mifuko ya magodoro na foronya, cherehani inahamia kijiji kingine.

Tukaloweka jora zima la marekani. Ukungu nao ukashuka, ukagoma kuondoka. Hadi Jumatano vitambaa vilikuwa vikichuruzika bado, na kuvikausha juu ya moto kungevitia moshi. Nilikaribia kulia. Ndipo Mama Naemi, mkubwa wa darasa letu, akaniambia, "Bibi Maendeleo, jua liko Mombo, kule chini tambarare. Tulifuate."

Alhamisi alfajiri tukapanda lori la mboga na mizigo yetu mibichi. Kona zote za kuteremka mlima tuliimba, migongo imelowa. Mombo tuliitandaza marekani kwenye nyasi kando ya barabara, abiria wa mabasi ya Moshi wakichungulia na kuuliza harusi ni ya nani. Kabla ya adhuhuri ilikuwa kavu. Furaha niliyokuwa nayo!

Mara Landrova ya mkuu ikasimama. Tukamwamkia shikamoo. Nikamweleza yote. Akainama, akakipapasa kitambaa.

"Pakieni garini," akasema. "Mkashone."

Tulishona kwa zamu mpaka kazi ikaisha. Ijumaa vitanda vyote vilikuwa vimevaa, na cherehani ikabaki.

Nimefanya kazi vijiji vingi, hadi Kwamkoro, chini ya wakuu wengi. Nilipostaafu, kina mama wa Kwai waliniletea mfuko wa godoro wa marekani, walioushona na kuufua wenyewe. Sikungoja hata kuvua viatu, nikaujaribu. Godoro liliingia lote bila kuvutwa.