Nilivyowaua vifaranga wa dada yangu kwa kiu, chombo cha maji kikiwa kimejaa

Wakuu, heshima zenu. Nitakayoyasimulia ni kweli tupu, na ningefurahi sana kama yangekuwa uongo.

Niko Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nina miaka hamsini na kidogo, nina digrii, na mtaani wananiita Papa Profa. Kuku nilikuwa namjua akiwa kwenye sahani.

Dada yangu Feza ni mjane. Biashara yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, ilikufa, akakaa karibu mwaka mzima hana kazi, hacheki. Halafu akaamua kufuga. Akaagiza vifaranga sitini wa siku moja kutoka Kigoma.

Siku boti inafika, simu ikalia kutoka Kabalo: mama mkwe wake yuko hoi. Feza akapanda treni, boksi akaniachia mimi.

"Kaka, wewe umesoma. Nichungie hawa. Hawa njo maisha yangu yaliyobaki."

Nilipofungua boksi niliwakuta wamejikunyata, wanalia kwa sauti ya chini. Wengine mavi yamewagandia nyuma mpaka tundu limeziba.

Nyinyi mnaofuga mngesema hapohapo: uchovu wa safari, baridi na kiu. Kazi ya saa moja.

Mimi nikasema: kuhara.

Na hapa Kalemie ukisema kuhara, watu wanasikia kolera. Tumezoea ndoo za maji ya klori, dawa ya kuua vijidudu, mlangoni. Mtu akienda choo mara mbili, jirani anatafuta klori. Basi nikaitia kwenye maji ya vifaranga. Sikupima. Nilimimina kwa mapenzi.

Kesho yake walikufa wanne. Nikahitimisha, kisomi kabisa, kwamba vijidudu ni vikali. Nikaongeza klori.

Mchana jirani yangu Mama Zaina, anayeuza kuku sokoni, akachungulia.

"Papa Profa, mbona hawanywi?"

"Wanapumzika, mama. Wako kwenye matibabu."

"Haya. Na hayo maji umeyaonja?"

Nikamfundisha habari za bakteria kwa dakika kumi. Alinisikiliza kwa adabu, akaenda zake. Wakuu, dakika kumi zile zinaniuma kuliko yote.

Asubuhi ya tatu niliokota mizoga kumi na tisa. Chombo cha maji kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokiacha. Nikamwita Mama Zaina, safari hii bila mhadhara. Akakiinua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Ya Allah! Papa, hii njo maji ya kunywa ao ya kuosha choo?"

Nikachovya kidole, nikaonja. Nikatema.

Alimwaga yote. Akachemsha maji mengine, akayaacha yapoe yabaki na uvuguvugu, akatia sukari na chumvi kidogo sana. Tukawachovya midomo mmoja mmoja mpaka wakajua kunywa. Waliogandiwa tuliwalowesha nyuma kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, bila kuvuta, maana ukivuta unachuna ngozi. Tukawakausha, tukawapaka mawese kidogo. Kisha tukaweka mbabula, jiko la makaa, pembeni, dirisha wazi ili moshi utoke. Wakirundikana, wana baridi. Wakikimbia moto, umezidisha.

Wawili walinifia mkononi. Thelathini na tano wakapona.

Feza aliporudi aliwahesabu kwa midomo, bila sauti. Nilikuwa nimejipanga kusema ukweli. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema:

"Dada, safari ya boti iliwachosha sana."

Mama Zaina alikuwa kwenye uzio wake, anaanika nguo. Alinitazama mara moja, akaendelea kuanika.

Feza akanishika mikono yote miwili. "Asante kaka. Bila wewe wangekufa wote."

Mpaka leo anaamini hivyo. Anawasimulia hata watu wa kanisani.

Kwa wanaonunua vifaranga: wakifika, joto na maji kwanza, dawa baadaye, na dawa yenyewe umuulize anayejua kuku. Maji yao yaonje. Ukitema wewe, nao hawatakunywa.

Hilo ndilo nililojifunza kuhusu kuku. La dada yangu bado. Wiki hii kuku wake wameanza kutaga, na mayai kumi ya kwanza kabisa ameniletea mimi. Yako hapa mezani ninapoandika, nimeshindwa kuyala.

Wakuu, ninyi mngeanzia wapi kumwambia? Nipeni maneno. Yangu mnayajua yalipotufikisha.