Mnyama wa Kwenye Kopo la Rangi

Usiku ule nilikaa kwenye benchi la zahanati na kopo la rangi mapajani. Ndani yake mlikuwa na udongo mbichi na yule mnyama aliyemng'ata mwanangu. Mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyenieleza kitu.

Mwanangu tunamwita Fuko. Anatunza kitalu cha miche, na jembe halipendi. Udongo anauvunja kwa vidole, anasema jembe halioni mizizi. Tangu mdogo sijaziona kucha zake zikiwa safi. Jioni hiyo aliingiza mkono wa kulia chini ya mboji, akautoa na kitu kirefu cheusi kinaning'inia kidoleni.

Kaka yangu, dereva wa lori, ndiye aliyesema nyoka. Akaufunga mkono kwa mpira wa baiskeli, akakaza mpaka vidole vikawa rangi ya biringanya.

"Mjomba, unaniumiza."

"Nyamaza. Sumu haisubiri ruhusa yako."

Muuguzi alipotoka nilimfunulia kopo. Akamgeuza mnyama kwa kijiti. Alikuwa na pingili kama mnyoo, anateleza, hana miguu, na macho sikuyaona.

"Huyu si nyoka, mama. Hana magamba ya nyoka. Ni wa ukoo wa chura."

"Chura?" kaka alidakia. "Miguu kamwazima nani?"

"Ndivyo alivyo. Anaishi ardhini, anakula minyoo. Sijasikia kaua mtu."

Nikaanza kushusha pumzi, lakini uso wake haukulegea. "Tunachohofia ni ule mpira. Damu haikupita muda mrefu, na vidole bado havisogei." Akarudi ndani, akafunga.

Sikujua nimkasirikie nani. Mnyama alikuwa kwake chini ya mboji, amelala. Kaka naye alimbeba mpwa wake mgongoni mpaka barabarani, na sasa alikuwa amejikunyata ukutani.

"Chura," alinong'ona. "Dada, kweli chura?"

"Mimi nitajuaje?"

Akataka kwenda kumwaga kopo. Nikamzuia, hata sijui kwa nini. Udongo ulikuwa unakauka, nikaunyunyizia maji ya chupa yangu.

Kitasa kikacheza. Kikarudi, kikacheza tena, kama anayekishika hana nguvu. Kisha mlango ukafunguka kutoka ndani. Fuko alikuwa amesimama peke yake, na mkono uliokuwa kwenye kitasa ulikuwa wa kulia, bado umevimba.