Foronya ya Nadine

Mdogo wangu Nadine alipozikwa, mchungaji alisifu pai zake. Pai! Nusura nisimame nimkatize. Kuna kazi nyingine Nadine aliifanya maisha yake yote ya ndoa na hakuna aliyeiona, hata mumewe Orval aliyekuwa akila naye meza moja. Naiandika hapa. Atakayekasirika na akasirike, mimi nilimtangulia.

Huku kwetu Idaho, mwanamume anayejitengenezea risasi hujivuna kuliko mwenye farasi. Orval aliyeyusha madini yake jikoni kwa Nadine, akamimina vichwa vya risasi, akavipaka nta ya majimaji visije vikachafua mtutu, akavisimamisha juu ya karatasi vikauke. Kisha akakoroma kwenye kiti. Kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha wakamsifu: rivolva ya Orval haina moshi!

Nadine alipoondoka, moshi ukaja. Klabu hulengea kwenye kibanda chenye paa, na Orval akifyatua, mstari mzima unasimama kukohoa.

"Orval," akasema Rulon, mwenyekiti, "umekuja kulenga au kukausha samaki?"

Wakacheka. Kisha Rulon akaacha kucheka. "Jumamosi ni mashindano. Ukitufukiza tena, nafasi yako nampa mwingine."

Basi hapo ndipo palipouma. Mke hana, watoto wamehamia mbali, na kile kibanda cha klabu ndicho pekee kilichokuwa kinamtoa kitandani.

Akabadilisha baruti. Moshi. Akazidi kubana midomo ya maganda ya risasi, ati baruti iungue vizuri. Moshi vilevile.

"Shemeji," akaniambia jikoni kwake, "labda bastola imezeeka."

"Bastola haina neno. Aliyezeeka ni wewe. Lete risasi zako nione."

Nikachukua kichwa kimoja, nikakipindua. Kwenye kitako nta ilikuwa imetuama, imeganda kama chini ya mshumaa. Pale ndipo baruti inapowakia, na nta ikiungua ni moshi mtupu! Nikainua macho, nikaona foronya kuukuu kwenye msumari, inanuka tapentaini, imejaa alama nyeusi za mviringo.

"Hii ya nini?"

"Ya Nadine. Sijui. Alipenda kupangusapangusa vitu."

Damu ilinichemka. "Kupangusapangusa! Alikuwa anafuta vitako vya risasi zako, kimoja kimoja, wewe ukikoroma!"

Akaitoa foronya msumarini, akaitazama. Sikumhurumia. Tukafuta, akajaza maboksi mawili, moja kwa kila mzunguko. Zile za moshi, zisizofutwa, zikabaki garini mwake.

Jumamosi, mzunguko wa kwanza ukapita safi. Rulon akampiga begani. "Umefanyaje, mzee?"

Nami niko nyuma yao, nasikiliza.

"Aa," akasema Orval, "baruti mpya tu."

Nikaufunga mkoba wangu. Boksi la pili, alilonipa nimshikie, lilikuwa ndani.

Akaja. "Shemeji, nipe boksi."

"Za baruti mpya ziko garini. Kachukue."

"Verla, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Na wewe Nadine umemnyima sifa yake wapi? Chooni? Sema, au nenda kakaushe samaki wako."

"Orval!" Rulon akaita. "Tunakungoja, bwana!"

Akasimama pale, uso mwekundu, masikio mekundu. Nilidhani ataenda garini. Ni mbishi kama mimi. Akavua kofia.

"Rulon, si baruti. Ni nta iliyokuwa inabaki kwenye vitako. Nadine ndiye aliyekuwa anaifuta. Mimi sikujua."

"Risasi zote zile?"

"Zote."

Hakuna aliyecheka. Rulon akatazama sakafu, naye alizila sana pai za Nadine. Nikafungua mkoba.

Mzunguko wa pili Orval alilenga vibaya. Alikosa shabaha mara mbili, na kila mtu aliona wazi alipokosa. Hapakuwa na moshi.

Nafasi yake anayo hadi leo. Foronya nimeichukua mimi. Yeye afutie foronya yake mwenyewe.