Mahfoudha Anayetusomea Barua za Gavana

Mawifi hawasifiani, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza. Mahfoudha, dada wa mume wangu, huukosoa wali wangu mbele za wageni, na akipanda gari yangu kwenda Nizwa hunielekeza njia ninayoipita tangu ujana. Pamoja na hayo, hapa Ibra, Oman, sijaona mwanamke mwenye moyo kama wake, na nisiposema nitakuwa nimemdhulumu.

Alisoma Tabora, akaja Oman msichana, akawa karani wa hospitali mpaka akastaafu. Kiingereza chake ni kile cha zamani, kilichoingia kwa fimbo. Basi mwanangu Yazeed, anayesoma Uingereza, alizoea kwenda kwenye nyumba ya nyaraka kutazama barua za enzi ya ukoloni: Gavana wa Kiingereza aliyekuwa akitawala bara, huko upande wa Tabora, anawaandikia wakubwa wake London, na serikali ya Mfalme inamjibu. Wazee wetu wametajwa humo, wenye maduka, wenye kesi, waliofukuzwa. Yazeed huzipiga picha akamtumia shangazi yake kwenye simu. Kila Alhamisi baada ya alasiri, sisi wanawake wenye asili ya bara tunakusanyika kunywa kahawa, na Mahfoudha anatusomea kwa Kiswahili.

Husoma pole pole. Huitazama sentensi, hunyamaza, kisha huitoa nzima, na tusi hulitoa vilevile kama tusi. Siku Gavana alipomwita babu yake Mahfoudha mvivu na mzushi, alitusomea kwa sauti ileile, kisha akaomba tende. Barua hizo humalizika kwa Gavana kujiita mtumishi mtiifu na mnyenyekevu wa bwana mkubwa wa London, na hapo hatujizuii kucheka.

"Mtumishi!" Bi Badria alisema siku moja. "Na maji ya kuoga akichotewa na nani?"

Bi Badria ndiye mkubwa wetu, macho yake yamekwisha. Mama yake alikuwa Mnyamwezi, na baba yake, Thani bin Hamood, Mwarabu mwenye duka Tabora. Serikali ilimfukuza Thani kwa kuwachochea wenye maduka wasilipe kodi mpya, naye akaja na binti yake mpaka mji wa Sur, kisha Ibra. Badria alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Kila alipomlilia mama, baba alimwambia neno moja: "Mama yako alikutoa mwenyewe. Hakukutaka." Badria akakua na neno hilo, akaolewa nalo, akazeeka nalo. Hakumtaja mama yake hata kwenye dua.

Mwezi uliopita Yazeed aliipata barua ya Thani. Bi Badria alitaka kujua jambo moja tu, kama mama yake ameandikwa humo. Tukajaa barazani kwake, na mjukuu wake Lujain akaja kutoka Al Kamil. Mimi nilikaa karibu na Mahfoudha, nikaona uso wake ulivyobadilika alipoipitisha macho ile barua.

"Shikamoo, Bi Badria," alisema Mahfoudha.

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Akasoma. Thani amemwandikia Mfalme kulalamika, na Gavana anaipeleka barua hiyo London akitia maneno yake: mtu huyu ni mkaidi, mwongo, na akibaki atawaharibu wengine. Bi Badria alikuwa akicheka kidogo kidogo, fahari imemjaa. Kisha mkono wake wenye kikombe ukaanza kutikisika.

Kwetu ukikitikisa kikombe umesema basi, usiongezewe kahawa. Lujain akakipokea. Sote tukaelewa kwamba bibi ametosheka, na mimi moyoni nikasema alhamdulillah, sababu ya kuacha imepatikana. Nilikuwa nimeona kwenye simu ile mistari ya mbele. Kiingereza changu ni cha kusoma bei, lakini maneno "mwanamke" na "mtoto" nayajua. Nikamgusa Mahfoudha kwa kiwiko. Ningekuwa mimi, ningezima simu nikauliza habari za halwa.

Mahfoudha hakuzima. "Bi Badria," aliuliza, "umesema basi, au ni mkono tu?"

"Nani kasema basi? Mkono umezeeka. Kammili, ya Mahfoudha, endelea."

"Kuna neno mbele litakuuma, nalo linamgusa baba yako. Ukitaka nisome nitasoma. Ukitaka uwe peke yako, hawa watatoka. Mimi mjumbe tu."

 Bi Badria akajiweka sawa kitini. "Mjumbe hauawi. Waache wakae. Soma."

Mahfoudha akasoma: "Mwanamke wa kienyeji aliyekuwa akiishi naye amekuja kwa miguu barazani kwa mkuu wa wilaya, siku baada ya siku, akiomba aachiwe mtoto. Mwanamume amekataa kuondoka bila mtoto. Nimeamuru apewe yeye, ili aondoke bila fujo." Na serikali ya Mfalme ilijibu kwa mstari mmoja: tunaafiki.

Nilimwangalia Mahfoudha nikaogopa kwa niaba yake. Amemvua nguo Thani mbele ya binti yake na kitukuu chake, na kwa watu wetu hilo si dogo.

"Rudia hapo alipokuja kwa miguu," alisema Bi Badria.

Mahfoudha akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena, bila kuharakisha.

"Kwetu kulikuwa mbali na baraza," Bi Badria alisema. "Jua la Tabora nalikumbuka." Akageuza uso kwa Mahfoudha. "Kwa hiyo alinitaka."

"Alikutaka, Bi Badria."

"Na hawakuandika jina lake?"

"Hawakuandika."

Magharibi ikaadhiniwa. Bi Badria akasali kitini, akatoa salamu, kisha akanyanyua mikono ile inayotetemeka na kusema kwa sauti, sote tusikie: "Ya Rabbi, mrehemu mama yangu, Nyamizi. Nimemdhania vibaya maisha yangu yote."

Hapo Mahfoudha, aliyesoma yote bila sauti kumkatika, alijifunika uso kwa mtandio akalia.